Filta ya Mama Mkwe

Ukikutana na Nyapara, kabla hujamaliza shikamoo yako, mkono wake ulikuwa umeshafika begani kwako kukutoa uzi. Hakukosa kuuona. Aliuvuta taratibu, akausokota kati ya vidole viwili, akauinua kwenye mwanga, akasema, "Daraja la tatu," akautupa. Ndipo akaitikia, "Marahaba." Tulipokuwa watoto kambini tulichomoa nyuzi za magunia tukajibandika mgongoni makusudi, ili tupewe daraja. Siku moja alimwambia dada yangu kwamba uzi wake ni daraja la kwanza, na dada yangu akatutambia wiki nzima.

Jina lake nalijua, maana nimeliandika kwa kalamu ya wino mzito mara nyingi kuliko nilivyoandika langu, lakini hapa sitaliandika. Kwetu alikuwa Nyapara tu. Wazee wake walitoka mbali kuja kukata mkonge, kama wazee wangu, na habari za huko walikotoka hazikumshughulisha. Ukimuuliza kabila alikujibu, "Mimi mtu wa brashi," na mazungumzo yakaishia hapo. Brashi ni banda la kiwandani ambako mkonge uliokwisha kukamuliwa na kuanikwa husuguliwa kwa mashine hadi uwe laini, kisha hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa banda hilo katika shamba letu, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Baba yangu alikuwa chini yake, akifunga marobota.

Alikuwa na mwili. Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu habari yote hii ni ya mwili wake. Milango ya nyumba za kambi aliiingia ubavu. Viatu vyake vilishonwa na fundi, kwani vya dukani havikumwingia. Alipokaa kwenye benchi la kanisani waliokuwa mwisho wa benchi walishika kitu. Wala hakuwa mnene wa kula na kulala. Ilikuwa mifupa mipana na nyama ngumu ya mtu aliyebeba marobota miaka mingi kabla hajapewa filimbi ya unyapara.

Kazini alikuwa mkali mpaka watu walimchukia. Ncha za nyuzi zisipolingana alikurudishia fungu zima, na huna pa kushtakia. Siku moja lori la kwenda bandarini limeshapakiwa, dereva ameshawasha, yeye akaona uzi mmoja wa kahawia umechungulia kwenye robota la daraja la kwanza. Akashusha yote, akafungua yote. Baba alirudi nyumbani siku hiyo anatukana hadi mama akatutoa nje. Lakini ni Nyapara huyohuyo aliyembeba baba mgongoni, mwendo wa karibu saa nzima hadi zahanati, siku mashine ya brashi ilipomla vidole viwili. Njia nzima alikuwa anamfokea kwamba amechafua nyuzi nzuri kwa damu. Baba aliisimulia safari hiyo hadi anakufa, na kila mara alicheka.

Kwa ukubwa wote ule aliogopa sindano. Walipokuja watu wa chanjo kambini alijificha stoo, nyuma ya marobota, na mkewe ndiye aliyemtoa kwa kumtishia kwamba atawaita watoto waje wamwone. Nilikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wanachungulia. Nilikumbuka siku hiyo baadaye, kila Jumatatu na Alhamisi, nilipokuwa namchoma mimi mwenyewe sindano mbili nene, naye akigeuza uso ukutani na kuniuliza habari za baba yangu ambaye alikuwa ameshakufa.

Kisha ikaja miaka ya kuuza kila kitu. Tuliambiwa shamba limepata mnunuzi, tukafurahi. Mnunuzi akaja na magari, akang'oa mashine za kiwandani, akaziuza chuma chakavu, akaondoka. Mkonge ukabaki unaota milingoti bila mtu wa kuukata. Watu wa kambi walitawanyika. Wengine walichukua vipande vya shamba wakalima mahindi, wengine waliingia biashara, na Nyapara akaenda kuuza mitumba sokoni Mabwerebwere.

Hakuna mtu aliyewahi kuuza mitumba vibaya kama yeye. Alifungua belo, akapanga nguo kwa madaraja kama alivyozoea, na mteja akija alimwonyesha kasoro kwanza. "Hili shati zuri, lakini kwapani uzi umeshachoka. Miezi miwili litakuachia." Mteja anarudisha shati, anakwenda meza ya jirani, ananunua bovu zaidi huku akisifiwa. Mkewe alimsema, wenzake walimcheka. Yeye alisema watu siku hizi wamepofuka macho. Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikula kwa mboga za mkewe.

Mtu mmoja tu duniani alimnyamazisha, naye ni mama mkwe wake. Alikuwa kibibi kidogo cha Masanze, mkulima, mwembamba hata kanga ilimzunguka mara mbili. Nyapara alimheshimu kwa namna ambayo hata kwa watu wa zamani ilizidi. Akimwona anakuja njiani aliacha njia, akaingia majanini, akachuchumaa na kugeuza mgongo hadi apite. Siku moja alikuwa mezani kwake na mitumba, bibi akatokea upande wa soko, Nyapara akapiga mbizi chini ya meza. Miguu yake ilibaki nje yote. Bibi naye akajifunika kanga usoni, akapita akiambaa ukuta wa pili, na soko zima likawa linacheka wawili hao wanaokimbiana bila ugomvi.

Kuzungumza walizungumza, ila si uso kwa uso. Kama mke hayupo wa kupeleka maneno, Nyapara aliuambia ukuta: "Ukuta, mwambie mkwe wangu kuni nimeleta." Na bibi kutoka ndani: "Ukuta, mwambie mkwe nimeona, Mungu ambariki." Akichinja mbuzi, fungu la mkwe lilitengwa kabla ya yote, na lazima liwe kubwa kuliko lake. Watoto wake walijua kwamba hata njaa iwe vipi, hapo hapaguswi.

Sasa nije kwenye figo.

Mimi nilisomea uuguzi, na nilipomaliza serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Nilipata kazi kliniki ya mtu binafsi, Morogoro mjini. Mwenye kliniki alileta mashine tatu za kusafisha damu, zilizokwisha kutumika huko ng'ambo, na daktari wa figo akawa anakuja kutoka Dar es Salaam mara moja kwa wiki. Siku zingine zote tulikuwa sisi wauguzi wawili. Mama mkwe wa Nyapara alikuwa wa kwanza kuletwa kutoka kwetu. Miguu imevimba, mkojo umekwisha. Nyapara ndiye aliyemsindikiza, lakini hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi za nje, na mkewe akawa anaingia na kutoka na habari.

Wiki ya pili daktari alimpita pale kwenye ngazi, akamtazama usoni, akaniambia, "Hebu mpime presha yule mzee." Nikampima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani kipimo kimeharibika. Presha ilikuwa imemla figo kimyakimya miaka na miaka, na yeye anadhani uchovu ule ni wa mitumba. Baada ya miezi michache akawa kitanda cha pili. Alikuja kumsindikiza mkwe, akabaki naye.

Kilosa hadi Mikumi ilikuwa barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha basi linakwama mnashinda porini. Kwa hiyo familia ilihamia Mikumi, kwenye lami, ambako mabasi ya kwenda Morogoro hayakosekani. Walipanga chumba kimoja uani kwa mtu, na kingine uani kwa jirani, ili mtu na mama mkwe wake wasitumie mlango mmoja. Basini bibi alikaa nyuma na binti yake, Nyapara mbele karibu na dereva. Kliniki nilishindwa kuwatenganisha, mashine zilikuwa tatu na zamu zimejaa. Niliweka pazia. Nyapara aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akilala alitazama dirishani, na kwenye kitanda cha tatu alilala dereva mmoja wa lori, bonge la mtu, aliyewatania wote wawili na hakujibiwa na yeyote.

Filta ni bomba la plastiki, urefu wake kama mkono wa mtoto. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba maelfu, na kila uzi una tundu katikati. Damu inapita ndani ya nyuzi, maji yenye dawa yanapita nje yake, na uchafu ambao figo zingeutoa unavuka kuta za nyuzi na kwenda na maji. Siku ya kwanza Nyapara aliomba aishike kabla sijaifunga. Aliielekeza kwenye dirisha, akaizungusha, akasahau hata sindano inayomsubiri.

"Nani kapanga hizi?"

"Mashine, baba. Huko Ulaya."

"Amepanga vizuri," alisema. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu yeyote maishani mwake, akaanzia kwa mashine.

Filta moja hatukuitumia mara moja tu na kuitupa. Kila mgonjwa alikuwa na yake, imeandikwa jina. Tuliiosha, tukaipima kwa kuijaza maji na kuona inachukua kiasi gani, maana nyuzi zikiziba ndani maji yanapungua, na yakipungua sana inatupwa. Nyapara alitaka kuona kipimo chake kila mara. Siku moja alikataa filta niliyoipitisha. "Hii upande mmoja imekufa," alisema, akinionyesha nyuzi chache zenye weusi karibu na mfuniko. Nikaipima tena mbele yake. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyesoma vibaya. Tangu siku hiyo niliamini jicho lake, na hapo ndipo penye kosa langu. Alijua nyuzi kuliko mimi, lakini mwili wa mtu na damu yake hakuvijua.

Kwa miezi kadhaa tulikuwa na filta za aina moja, ndogo. Kwa bibi zilitosha kabisa. Kwa Nyapara na dereva zilikuwa kama kufagia uwanja wa mpira kwa ufagio wa jikoni. Mwili mkubwa una uchafu mwingi, na filta ndogo ina kuta chache za kuupitisha, kwa hiyo saa nne zinakwisha na uchafu bado umo. Dawa nyingine ni kumlaza saa nyingi zaidi, lakini zamu nyingine inasubiri, na basi la mwisho la Mikumi halimsubiri mtu. Akaanza kuwashwa mwili mzima. Chakula kikamnukia vibaya. Alikuwa akisikiliza maneno yangu nusu, nusu anasinzia.

Ndipo lilipokuja boksi moja tu la filta kubwa. Daktari alipanga mwenyewe: kubwa kwa Nyapara, kubwa kwa dereva, bibi aendelee na ndogo. Alinieleza na sababu, ijapokuwa nilizijua. Filta kubwa inashika damu nyingi nje ya mwili kwa wakati mmoja, na inavuta upesi. Kibibi cha kilo thelathini na kitu, mwenye moyo uliochoka, presha yake itaanguka. Nilisema ndiyo, daktari.

Alhamisi Nyapara aliniita kwenye ngazi kabla hajaingia.

"Binti, nasikia zimekuja kubwa."

"Ndiyo, baba. Utapata nafuu sasa."

"Na ya mkwe?"

"Yeye ni ndogo. Ndiyo inayomfaa."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mimi nilale na kubwa, mkwe wangu alale na ndogo, na katikati ni pazia tu? Nitamtazama vipi mke wangu?"

"Baba, hii si nyama. Inakwenda na mwili wa mtu."

"Uzi mrefu ni uzi mrefu," alisema. "Filta kubwa ina nyuzi nyingi, ni ndefu. Hiyo ni daraja la kwanza, usinidanganye mimi kwenye nyuzi. Mpe mkwe."

"Daktari amesema."

"Daktari anajua yule ni nani kwangu? Wewe unajua. Wewe mtoto wa kambini." Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nakuomba, mwanangu. Usiniaibishe."

Yule mtu aliyembeba baba yangu mgongoni alikuwa ananiomba. Nikasema, "Sawa, baba."

Nimejitetea sana kichwani kwa neno hilo. Nimejiambia kwamba hata ningemweleza kwa mfano mwingine asingeelewa. Nimejiambia kwamba hakuna binti wa kwetu ambaye angesimama pale na kumwambia mzee yule kwamba hajui anachosema. Yote hayo ni kweli na hayanisaidii, kwa sababu nilikuwa nimevaa sare. Ningeweza kumdanganya yeye, nikampa kubwa na kumwambia ni ndogo, ingawa jicho lake lingeniumbua. Ningeweza kumpigia daktari simu. Badala yake nilimdanganya daktari. Kwenye faili la Nyapara niliandika "kubwa", kwenye la bibi nikaandika "ndogo", nikafunga kinyume chake.

Siku ya kwanza ya filta kubwa, saa ya pili, nilipita kwa bibi nikamkuta ametoka jasho la baridi, midomo imekuwa ya majivu. Nikamwinua miguu, nikamwongezea maji ya chumvi, nikapunguza mwendo wa mashine. Alipofumbua macho nilimuuliza kwa nini hakuniita. Akanyoosha kidole kwenye pazia. Alikuwa ameona giza, masikio yamejaa mvumo, na hakuweza kupiga kelele mbele ya mkwe wake. Nikamwambia siku nyingine aite. Akaniahidi ataita, na hakuwahi kuita.

Nikamweka kengele mkononi, hakuipiga. Nikawa naenda kumpima kila robo saa, naongeza maji ya chumvi ambayo tulipaswa kuyatoa mwilini mwake, na anaondoka amevimba kama alivyokuja. Upande wa pili wa pazia Nyapara alisikia viatu vyangu vikikimbia. Aliuliza, "Vipi?" nikamwambia, "Presha kidogo." Akasema, "Lakini filta nzuri, sivyo?" na aliposema hivyo uso wake ulikuwa na raha. Alikuwa anaoza na filta yake ndogo, ngozi imechubuka kwa kujikuna, na kitu pekee kilichompa usingizi ni kwamba mkwe wake amepata daraja la kwanza.

Daktari akasoma majibu ya damu ya Nyapara ofisini, akaniuliza kwa mshangao. "Mtu yuko kwenye filta kubwa, mbona hasafishiki?" Kisha akaenda kumfokea kwamba anakula maharage na ndizi kwa siri. Nyapara, ambaye alifuata mwiko wa chakula kama kanuni ya brashi, akafokewa hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na faili mkononi. Daktari akamwandikia dawa za kuzuia tatizo ambalo halikuwa lake.

Ilikwenda hivyo wiki tano. Kila Jumatatu nilijiambia leo narudisha mpangilio wa daktari, na kila Jumatatu Nyapara alinipokea kwa macho ya shukrani.

Jumatatu ya wiki ya sita presha ya bibi ilishuka na haikupanda tena. Tulimtoa kwenye mashine, tukampeleka wodini, akafa kesho yake asubuhi, binti yake yuko kando. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Labda ni hivyo. Alisoma faili, na faili lilisema filta ndogo, asingeweza kusema lingine. Sikumsahihisha.

Walimzika Masanze. Nyapara alikwenda, alisimama mbali na kaburi kama inavyompasa, na aliporudi Mikumi hakupanda tena basi la Morogoro. Alhamisi ikapita, Jumatatu ikapita. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi mimi.

Nilimkuta mchana, amekaa kwenye mkeka uani, malori yanapita barabarani na vumbi la kando ya lami linaingia. Nilimtambua kwa miguu tu, uso ulikuwa umevimba hata macho yamekuwa mistari. Alikuwa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Mkewe alikuwa anafua hatua chache kutoka hapo. Nilipiga magoti, nikamwamkia, akaitikia kwa sauti iliyojaa maji. Hakuninyooshea mkono.

"Baba, twende kliniki. Kesho ni Alhamisi."

"Nimekuwa nafikiri," alisema. "Ile filta, mkwe ilimfaa?"

Ningeweza kusema ilimfaa. Alikuwa mtu wa kufa, na neno lile lingemtosha. Nilifungua kinywa kulisema, nikamwona jinsi alivyonikazia macho yale yaliyovimba, nikashindwa.

"Haikumfaa, baba. Ilikuwa kubwa kwake. Ilikuwa inamvuta damu nyingi upesi, ndiyo presha ikawa inaanguka. Ile ilikuwa yako."

Gunzi likasimama. Nyuma yangu, kufua kukasimama pia.

"Ulijua siku ile pale kwenye ngazi?"

"Nilijua."

"Na daktari?"

"Nilimwandikia uongo."

Malori matatu yakapita. Nilikuwa nalia, na nilitaka anifokee. Nilitaka anitukane kama alivyowatukana watu wa brashi, mbele ya mkewe, mbele ya mtaa.

"Ungenikatalia," alisema.

"Wewe ni baba yangu. Ningekukatalia vipi?"

"Ndiyo. Mimi baba yako." Akavuta pumzi, na pumzi ilikuwa fupi. "Ungenikatalia."

Nikamwambia ziko mbili kubwa zimebaki, kwamba moja nitaiandika jina lake leo hii nikifika, kwamba nitamwambia daktari kila kitu na anifukuze akitaka. Nikamwambia akilala na ile kubwa mara tatu, nne, ataanza kuona njaa. Alisikiliza yote. Mwisho akasema atakuja. Mkewe alinisindikiza hadi kituoni, akasimama hadi basi likaja.

Alhamisi asubuhi niliandaa filta kubwa. Niliiandika jina lake, nikaijaza maji, nikagonga hewa yote ikatoka, nikaifunga kwenye mashine ya kitanda cha pili. Dereva wa lori alikuwa ameshalala kwenye kitanda chake na filta ndogo, kwa sababu kubwa yake ya kwanza ilikuwa imeziba nikaitupa, na zilizobaki nilikuwa nimezificha kwa ajili ya Nyapara. Ndiyo, hilo nalo nilifanya. Basi la kwanza kutoka Mikumi likafika, hakuwemo. Sikumwanzishia dereva mashine, nikawa nazunguka tu nikipanga pamba.

Basi la pili lilimleta mkewe, peke yake.

Alisimama mlangoni na mkoba wake. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba, wala sikuitegemea kwa mtu niliyemsababishia kumzika mama yake.

"Amenituma," alisema. "Hawezi kupanda basi. Amesema ile kubwa usimsubirishie yeye. Mpe mwenye mwili."

"Mama, tutafute gari, nitakuja mwenyewe nimchukue."

"Amesema mpe mwenye mwili," alirudia. "Na mimi nimesema nitakaa hapa nione unafunga ipi."

Nilifuta jina kwa spiriti. Halikufutika lote, lilibaki kivuli cha bluu, nikaandika la dereva juu yake. Nikaitoa mashine ya pili, nikaifunga ya tatu, kwa haraka hata dereva akasema, "Pole pole, sista, mimi bado nina watoto." Nilipofungua damu ikaingia, nyuzi zikageuka nyekundu kutoka chini hadi juu. Mke wa Nyapara akavuta kiti cha wasindikizaji, akaketi akiitazama ile filta, na hakuinuka hadi saa nne zikatimia.